Sifa za Kulala Mzungu wa Nne

Kila ikifika Desemba sisi Wachagga huwa tunalalamika, na mengi ya malalamiko hayo nayaunga mkono. Nauli ya kwenda nyumbani hupanda kabla basi halijawashwa. Mbuzi ambaye mwezi wa kumi alikuwa mbuzi tu, sasa mwenyewe anamtaja bei huku akiangalia pembeni. Mvua ikinyesha, gari la mjini linazama kwenye udongo mwekundu mbele ya geti, na vijana wa kulisukuma wanataka kwanza kujua wewe ni mtoto wa nani. Yote hayo ni kweli, na sina la kuyatetea.

Ila lipo lalamiko moja nisilolikubali. Husemwa kwa kunong'ona, aghalabu na mkwe mpya aliyeletwa mlimani Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, akishahesabu vichwa vilivyojaa sebuleni na kisha akahesabu milango ya vyumba: "Hivi, watu wote hawa tunalala wapi?"

Tunalala mzungu wa nne. Kichwa changu kwenye miguu yako, kichwa chako kwenye miguu yangu, na wa katikati tumemkabidhi kwa Mungu. Washairi wetu wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, wamesifu hata vyama vya siasa. Sijaona aliyepoteza hata ubeti mmoja kwa mpango huu wa malazi, ambao umebeba sikukuu nyingi kuliko mbuzi wote wa ndafu. Acha niseme mimi.

Nyumba ninayoisemea iko Rombo, juu kidogo ya barabara ya lami inayotoka Himo, ikapita Marangu na Mwika, ikaenda Mkuu hadi Tarakea. Kuanzia Januari mpaka Novemba wanakaa humo bibi na dada wa kazi, na bandani kuna ng'ombe. Vyumba vitatu, sebule, na stoo ya kahawa ambayo siku hizi inahifadhi kila kitu isipokuwa kahawa. Halafu inaingia wiki ya Krismasi. Wanafika wa Dar es Salaam, walioamkia stendi ya Magufuli kule Mbezi wakapita Segera na Same mpaka migongo ikafa ganzi. Wanafika wa Arusha, ambao hukaa karibu kuliko wote na huchelewa kuliko wote. Wanafika wa Mwanza na miguu iliyovimba. Wanafika na binamu wa Nairobi, waliozunguka kwa Loitokitok wakavukia Tarakea, wanaosalimia "sasa" mpaka wafinywe sikio ndipo wakumbuke shikamoo. Ndani ya basi kila mmoja alikuwa na namba ya kiti chake na risiti. Nyumba hii haina namba wala risiti.

Na wingi unaongezeka. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi baada ya ukimya wa zaidi ya miaka 20. Serikali ilifurahi, abiria walifurahi, shangazi akaanza kuhesabu magodoro. Mwaka 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kutembea usiku, maana yake mgeni sasa anaweza kugonga mlango saa tisa za usiku, akiwa na begi, mtoto na kuku wa zawadi. Hapa ndipo utaona ubora wa jambo ninalolisifu. Kitanda cha watu waliolala kiungwana, vichwa vyote upande mmoja, kikijaa kimejaa. Kitanda cha mzungu wa nne hakijai. Unatafuta mahali palipo na miguu, unachomeka kichwa, na kesho asubuhi watu wanaamka wanakuta wameongezeka mmoja wala hawaulizi.

Siri yake ni ya kihandisi. Binadamu ni mpana mabegani na mwembamba kwenye vifundo vya miguu. Ukiwapanga watoto wanne mabega kwa mabega kwenye kitanda cha nne kwa sita, mmoja ataanguka kabla ya saa saba, na atakayeanguka ni mdogo. Ukiwapishanisha, upana wa huyu unakaa kwenye wembamba wa yule. Fungua boksi la viatu vya Krismasi uone kiwanda kilivyovilaza, kisigino kwa ncha, kisha uniambie nani alimwiga nani.

Wa kuwapanga ni shangazi. Husimama mlangoni mnamo saa nne na tochi ya simu, kanga kiunoni, na hakuna ofisi ya serikali inayogawa viwanja kwa kasi ile. "Wewe, wewe na wewe, godoro la bluu. Wewe kichwa huku, wewe kule. Wewe mrefu utalala chini kwenye mkeka, na usinijibu." Hakuna fomu, hakuna rufaa. Mwenye kikohozi anawekwa dirishani. Anayeota kwa sauti anawekwa karibu na babu mmoja asiyesikia. Waliogombana mchana kwa sababu ya baiskeli wanalazwa pamoja kwa makusudi, na nimewahi kumsikia akisema kwamba watoto wakipigana mateke usiku mzima asubuhi hawana nguvu ya kugombana.

Nafasi ya ukutani ndiyo ya heshima, na hugombewa. Nafasi ya pembeni ina hatari yake lakini ina hewa. Msiba ni wa katikati. Wakiwa watatu, wawili vichwa huku na mmoja kule, basi huyo mmoja amepata jozi ya miguu sikio la kulia na jozi ya miguu sikio la kushoto. Msimhurumie. Mila yetu ilimwandaa zamani. Katika urithi wa Kichagga wanaojulikana ni mtoto wa kwanza na kitinda mimba, huyu wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Wa katikati huambiwa akatafute. Ndiyo maana utawakuta Kariakoo wamefungua duka, utawakuta Mbeya, utawakuta Lubumbashi. Watu huandika mengi kueleza kwa nini Mchagga ni mfanyabiashara. Mimi naona maelezo yanaanzia pale godoroni: mtu aliyekulia kati ya nyayo nne anajua hakuna atakayemwachia nafasi, na anaamka mapema.

Sasa tuzungumze miguu, maana najua ndipo mnaponingojea.

Sheria ya bibi ni moja tu: hakuna anayepanda kitandani bila kunawa miguu. Beseni linawekwa kwenye kibaraza, maji ya moto kutoka jikoni yanachanganywa na ya baridi, na foleni inaanza kwa wadogo. Maji hayabadilishwi. Wa kwanza ananawa maji, wa tatu ananawa chai, wa saba ananawa udongo mwekundu wa Rombo uliolainishwa na miguu ya ndugu zake. Anatoka humo mchafu kuliko alivyoingia, lakini ametii sheria, na bibi anamfuta kwa kipande cha kitenge huku akimuuliza anasoma darasa la ngapi, swali alilomuuliza mchana mara mbili.

Halafu taa inazimwa, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima unamfahamu ndugu yako. Uso wake ulikwisha kuuona. Uso hufunzwa adabu tangu utotoni, unajua kutabasamu shangazi akisema umenenepa. Mguu haujafunzwa chochote. Alfajiri mwanga unapopenya kwenye upenyo wa dirisha, unafungua macho na kilicho mbele yako, urefu wa kiganja kutoka puani, ni wasifu kamili wa mtu. Huyu ana magaga yaliyopasuka mpaka nyama, basi ndiye anayebaki mlimani kukata majani ya ng'ombe wakati sisi tunajipiga picha na mlima. Huyu ana alama nyeupe za mikanda ya ndala na ngozi nyeusi kuzunguka, huyo ni wa Dar es Salaam, jua la Temeke limemwandika. Huyu ana fangasi kati ya vidole, yuko shule ya bweni, na soksi zake ni mbili tu haidhuru mama yake anasema amemnunulia ngapi. Huyu ana rangi nyekundu kwenye kucha za miguu, imekwanguliwa haraka haraka, nusu imebaki. Baba yake hajui. Wewe sasa unajua, na mtaifunika siri hiyo kwa blanketi moja mpaka mtakapokuwa wazee.

Naambiwa miguu inanuka. Inanuka, ndiyo. Lakini hebu tupime hasara na faida kama watu wazima. Chakula cha Krismasi mnakijua: machalari, maharage, kisusio, nyama ya mbuzi kwa wingi ambao tumbo halikuuzoea tangu Pasaka, na soda juu yake. Usiku chakula hicho kina mengi ya kusema. Ukilala mzungu wa nne, viuno vyote vinakutana katikati ya godoro, na mambo yote ya aibu ya mwili yanatukia hapo hapo katikati, mbali kabisa na pua za pande zote mbili. Hakuna mpangilio mwingine wa vitanda uliozingatia jambo hili. Kwa huduma hiyo, harufu ya soksi ni kodi ndogo.

Jiometria hiyo hiyo imewaokoa watoto wengi fedheha. Alfajiri bibi akifunua blanketi akakuta ramani, ramani iko katikati. Watuhumiwa ni wanne, wote wamelowa sawa, wote wanaapa kwa jina la mtoto Yesu aliyezaliwa jana. Laiti wangelala vichwa upande mmoja, kila mtu na eneo lake, mkosaji angejulikana kabla ya chai. Hapa kesi inafungwa kwa kukosa ushahidi. Godoro linatandazwa juu ya miti ya kahawa likauke, linaonekana mpaka barabarani, na wote wanne wanapita mbele yake vichwa juu. Kikojozi mwenyewe atakiri akiwa na miaka arobaini, kwenye harusi, mbele ya kipaza sauti, na watu watacheka mpaka walie.

Blanketi nalipitia haraka. Kila upande unavuta kufunika shingo yake, kwa hiyo linakaa limekazwa, halina bwana. Mateke pia. Kwa mila zetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale kuomba radhi, lakini teke la usingizini halina isale, na wazee hawajawahi kulikalia kikao.

Cha maana zaidi ni maongezi. Sijui ni giza, sijui ni kule kutotazamana, ila mtu akiwa anaongea na miguu yako anasema mambo ambayo uso wako ungemzuia. Kesho yake kutakuwa na kikao cha ukoo chini ya migomba, pombe ya mbege ikizungushwa kwa kata, kutakuwa na mwenyekiti na katibu na ajenda, na yatakayosemwa pale yatakuwa ya kufaa kusemwa. Habari zenyewe zimeshatoka godoroni usiku wa kuamkia kikao. Baba mkubwa ameachishwa kazi tangu Agosti, na lile gari amekodi. Dada fulani hakufaulu, anarudia mtihani, msimuulize. Mjomba na mkewe hawasemezani, ndiyo maana wamefika kwa mabasi mawili. Haya huyapati kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako kuna salamu za asubuhi, picha za maua na michango ya misiba. Huyapati hata mezani. Yanatoka kwa sauti ya chini, kutoka upande wa pili wa kitanda, yakitanguliwa na maneno yale yale: "Umelala?"

Na msidhani hili ni la watoto. Namjua mtu mwenye ofisi kubwa mjini, dereva, katibu muhtasi, na mlango ambao watu hugonga mara mbili. Krismasi akifika kwa mama yake gari linafunikwa turubai chini ya mparachichi, naye anaonyeshwa kitanda anacholala kaka yake mkubwa, anayekamua ng'ombe. Kaka ana upande wa ukutani na mto. Mkurugenzi ana upande wa nje na sweta lililokunjwa. Walikuwa na ugomvi wa mpaka wa kihamba, wa miaka mingi, uliowashinda wajumbe na padri. Siwezi kusema mzungu wa nne uliumaliza. Ila kumwomba mtu radhi huku unatazama kisigino chake ni rahisi kuliko kumtazama machoni, na asubuhi ile walitoka nje wote wawili na jembe, wakahamisha mstari wa masale ya mpakani kama futi tatu, wakarudi kunywa chai. Mama yao alijifanya hakuona.

Wapinzani wangu husema hii ni dhiki ya kisasa, iliyoletwa na uzazi mwingi na uhaba wa ardhi. Hawajui historia ya mlima wao. Katika nyumba za msonge za mababu zetu, ng'ombe na mbuzi walilala ndani pamoja na watu. Maadui walipokuja, familia nzima na mifugo yake ilishuka kwenye mahandaki yaliyochimbwa ardhini, na mengine yanaonyeshwa kwa watalii hadi leo kule Marangu. Hebu jaribu kuwa wa katikati kati ya shangazi na fahali. Krismasi ilipopanda mlima pamoja na wamisionari wa Kilema na Machame miaka ya 1890, ilitukuta tayari tunajua kubanana.

Tena hiyo Krismasi yenyewe ilianza na tatizo la malazi. Tafakarini Injili ya Luka jinsi ilivyo ya Kichagga: serikali imetangaza sensa, kila mtu anatakiwa arudi kwao kwa asili, njia zimejaa, Yusufu anafika kwenye mji wa ukoo wake akiwa na mke mjamzito, na nyumba ya wageni haina nafasi. Mtoto akalazwa kwenye hori la kulishia ng'ombe. Kila mwaka padri anatuhubiria unyenyekevu kwa habari hiyo, na anahubiri vizuri. Ila mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kanisa kwenye misa ya mkesha, watoto wamelala begani mwa watu, huwa nafikiria jambo moja la utawala: pale Bethlehemu hapakuwa na shangazi. Angekuwepo mmoja, na tochi, ile nyumba ya wageni ingepata nafasi ya watatu na punda wao.

Adui halisi wa mzungu wa nne ni saruji. Panda mlimani uone majumba. Ghorofa, vioo vya bluu, geti lenye simba wawili, vyumba vya masta kila kimoja na choo chake. Wiki hamsini za mwaka anakaa humo mlinzi na mbwa. Wiki mbili zinazobaki wanakuja wenyewe, na kila mtoto anafunguliwa mlango wake, kitanda chake, soketi yake ya kuchajia simu. Asubuhi wanakutana kwenye chai wakiwa wamepumzika vizuri na hawana la kuambiana. Nimemsikia mmoja akimuuliza mama yake kwa Kiingereza yule kijana wa upande wa pili wa meza anaitwa nani. Ni mtoto wa baba yake mdogo.

Sikatazi mtu kujenga. Mwenye nacho ajenge, choo cha ndani ni baraka, bibi mwenyewe anakipenda. Ninachoomba ni kimoja. Kwenye hiyo ramani ya vyumba saba mwambie fundi aache kimoja bila kitanda, sakafu tupu, na umnunulie shangazi magodoro mawili ya nne kwa sita na mkeka. Tarehe 24 usiku funga vile vingine na useme umepoteza funguo.

Na wewe ambaye mwaka huu ni mara yako ya kwanza kuletwa mlimani, karibu sana. Kata kucha za miguu kabla hujapanda basi, beba soksi safi, na usiku ukisikia mtu anauliza kama umelala, sema bado. Upande wa ukutani usiuulizie, umeshachukuliwa.